Wa Kukuza au wa Kununua: Hesabu Ngumu ya Makocha wa Kampala

Wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, barabara ya Kampala kwenda Entebbe hujaa magodoro. Mengine yamefungwa juu ya takisi, mengine yamekunjwa nyuma ya bodaboda, mengine yameegemezwa kwenye ukuta wa kituo cha mafuta huku mzazi akihesabu noti mara ya mwisho. Mtoto anayeingia Senior One ana sanduku la bati lenye jina lake kwa rangi nyeupe, rimu za karatasi, fagio, karatasi za chooni, sukari na sabuni. Vyote vimo kwenye orodha ya shule, na langoni vinakaguliwa kimoja kimoja.

Katika shule zinazojua mpira yupo mwanafunzi mwingine, anayefika baadaye kidogo, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatoka. Huyo anaingia Senior Five. Hana rimu wala fagio. Amebeba begi dogo, viatu vya mpira vinaning'inia ubavuni, godoro atalikuta bwenini, na ada yake imelipwa au imefutwa. Mwaka jana tu alikuwa akiichezea shule nyingine, pengine ndiyo iliyoitoa hii mashindanoni. Muhula huu atapewa jezi namba kumi. Na kijana aliyekula posho na maharage ya hapa miaka minne akiingoja jezi hiyo ataambiwa aendelee kungoja.

Hapo ndipo lilipo swali linalomnyima usingizi kila anayeunda timu Kampala, awe mwalimu wa michezo wa sekondari, kocha wa chuo kikuu au mkurugenzi wa klabu ya Ligi Kuu: achukue mtoto amkuze, au achukue aliyekwisha kuiva kwa wenzake? Mashabiki hulijadili kama suala la maadili. Anayekuza huonekana mwema, anayenunua huonekana mwizi. Miaka kumi hivi ya soka la mji huu imetuonyesha jambo tofauti. Timu iliyojaa watoto watupu haidumu, na iliyojaa wa kununuliwa haidumu pia. Tena wote wawili, mtoto na mkongwe, wametoka kwenye bweni lilelile, na bweni hilo halilipwi na mtu.

Swali lenyewe halikuzaliwa Kampala. Huko Marekani, ambako futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ni biashara ya mabilioni ya dola, limegeuza michezo ya wanafunzi juu chini. Zamani kocha wa chuo alizunguka sekondari akisaka vijana wa miaka 17, akawapa ufadhili, akakaa nao miaka minne. Oktoba 2018 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha daftari la mtandaoni ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandika jina lake, na vyuo vingine vikawa huru kumfuata. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu ya kukaa nje msimu mzima, na mwaka huohuo wanafunzi wakaanza kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Mwaka 2024 hata kikomo cha kuhama mara moja kikaondolewa.

Kilichofuata kingeeleweka vizuri sana kwenye vibaraza vya Kampala. Kocha Deion Sanders alipoanza kazi Chuo Kikuu cha Colorado, aliwaonyesha mlango wengi aliowakuta na kuleta wahamiaji kwa makumi. Msimu wa 2023 alishinda mechi tatu za kwanza, nchi nzima ikamwimba, kisha akamaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Upande wa pili alikuwapo Dabo Swinney wa Clemson, bingwa wa misimu ya 2016 na 2018 kwa vijana aliowatoa sekondari mwenyewe. Kwa miaka mingi hakutaka hata kusikia habari za wahamiaji. Wenzake wakampita. Mmoja alidhani unaweza kuwanunua wote, mwingine alidhani huhitaji kununua hata mmoja.

(Uganda ina mtu wake katika historia ya mchezo huo, na inapendeza kumkumbuka. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, jaji mkuu aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa Idi Amin, alichukuliwa na Chuo cha Boston kutoka sekondari. Hapohapo alikua, na mwaka 2006 New York Giants wakamchagua katika raundi ya kwanza. Alitwaa Super Bowl mara mbili akiwa nao.)

Turudi Kampala. Kwa wenye umri wa kukumbuka uwanja wa Nakivubo ulivyokuwa ukitikisika miaka ya 1980, mnunuzi mkuu wa mji alikuwa SC Villa, Jogoo wenyewe. Klabu hiyo changa, iliyozaliwa mwaka 1975, ilitwaa ubingwa wa kwanza mwaka 1982 na baada ya hapo ikawa mazoea. Chini ya mwenyekiti Patrick Kawooya, mchezaji aliyeng'ara popote alijua kuwa siku moja ataitwa Villa. Ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1991, ikafungwa na Club Africain ya Tunisia, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la CAF, ikafungwa na Shooting Stars ya Nigeria. Majid Musisi akaondoka kwenda Rennes ya Ufaransa mwaka 1992. Enzi hizo kununua kulifanya kazi kwa sababu moja isiyosemwa sana: mchezaji bora hakuwa na pengine pa kwenda. Soko lilikuwa la ndani, na Villa ndiyo iliyokuwa na mkoba.

Siku hizi mkoba umehamia nje. Simba na Yanga za Dar es Salaam, klabu za Misri, Algeria na Morocco, timu za Zambia na Ethiopia, wote wanaitazama Ligi Kuu ya Uganda kama duka la bei nafuu. Emmanuel Okwi alitoka Villa kwenda Simba mwaka 2010 akiwa kijana mbichi, na msomaji wa Tanzania hahitaji kusimuliwa yaliyofuata. Klabu ya Kampala inayonunua mkongwe leo inanunua aliyebaki, au aliyerudi.

Ndiyo maana kisa cha KCCA kinastahili kusimuliwa taratibu.

Klabu ya jiji, iliyoanzishwa mwaka 1963, mashabiki wanaiita Kasasiro, yaani taka, kwa kuwa halmashauri ndiyo inayozoa taka za mji. Wao hawaoni aibu, wanaliimba. Uwanja wao wa Lugogo umepewa jina la Phillip Omondi, mshambuliaji wao aliyekuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978, Uganda ilipofika fainali na kufungwa na Ghana. Mwaka 2015 alikabidhiwa timu Mike Mutebi, kocha asiyeficha maoni yake, na maoni yake yalikuwa wazi: kijana akiweza mpira, umri si hoja. Akachukua ubingwa msimu wa 2015/16, akaurudia 2016/17 pamoja na Kombe la Uganda, akautwaa tena 2018/19. Mwaka 2018 KCCA ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mei ya mwaka huo ikaifunga Al Ahly ya Misri mabao 2-0 kwenye uwanja wa Namboole. Julai 2019 ikashinda Kombe la Kagame mjini Kigali kwa kuifunga Azam 1-0.

Sifa zote za miaka ile zilikwenda kwa watoto. Allan Okello alipandishwa mwaka 2017 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiwafanya watu wasimame kabla hajapiga. Mustafa Kizza alikuja bila jina kubwa, akawa beki wa kushoto anayepiga krosi na mipira ya adhabu kuliko winga yeyote nchini. Steven Sserwadda na Sadat Anaku walifuata. Magazeti yakaandika kuwa Lugogo ni shule, na Mutebi ni mwalimu mkuu.

Ila itazame orodha ya msimu wa 2016/17 kwa utulivu. Mfungaji bora wa ligi alikuwa Geofrey Sserunkuma, mtu mzima aliyekwisha kucheza Afrika Kusini na kurudi. Langoni alisimama Benjamin Ochan, kipa aliyekwisha kula chumvi ya ligi. Kati ya ulinzi alikuwapo Hassan Wasswa Dazo, mwenye sauti inayosikika mpaka jukwaani. Okello aliingia dakika za mwisho, timu ikiongoza, katikati ya wanaume waliojua lini mpira utulizwe na lini refa azungumzishwe. Akipoteza mpira, Wasswa yupo nyuma. Akikosa bao, Sserunkuma atapata lingine. Watoto wa Mutebi walilelewa na wachezaji wa kununuliwa. Hilo halikuandikwa sana, labda kwa kuwa halina utamu.

Kisha mlango ukafunguka. Derrick Nsibambi akaenda Smouha ya Misri mwaka 2018, na Muhammad Shaban akaenda Raja Casablanca mwaka huohuo. Timothy Awany akaenda Israel na Patrick Kaddu akaenda Berkane ya Morocco, wote 2019. Okello akaenda Paradou ya Algeria Januari 2020, Kizza akaenda Montreal miezi michache baadaye, Sserwadda akaenda New York Red Bulls mwaka 2021, Anaku akaenda Dundee United ya Scotland mwaka 2022. Kwa klabu ya Afrika Mashariki hiyo ni hesabu ya kujivunia, na fedha ziliingia. Lakini wakongwe nao walikuwa wameshatawanyika. Nafasi ya mtoto aliyeuzwa ikajazwa na mtoto mwingine, na nafasi ya mkongwe ikajazwa na mtoto vilevile. Machi 2021 Mutebi na klabu wakaachana. Wakapita Morley Byekwaso, Mreno Sergio Traguil, Abdallah Mubiru na wengine. Tangu taji la 2019 hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25, KCCA haijaonja tena ubingwa wa ligi.

Anayelima ndizi Buganda angewaonya mapema. Katika kila shina la matooke huachwa migomba mitatu: mama anayezaa sasa, binti atakayezaa msimu ujao, na mjukuu anayechipua. Ukikata mama na binti kwa pamoja, utamtazama mjukuu kwa muda mrefu ukiwa na njaa.

Sasa tupande Kitende, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ileile ya magodoro. Hapa Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Uganda, FUFA, kuanzia 2005 hadi 2013, amejenga kitu ambacho hata Wamarekani wangekitamani: shule ya sekondari ya St. Mary's na klabu ya Vipers chini ya mkono mmoja, na uwanja wao, uliofunguliwa mwaka 2017, ndani ya eneo lilelile. Mvulana anaweza kuingia Senior One akiwa na sanduku lake la bati, akatwaa mataji ya shule, kisha akavuka uzio akawa mchezaji wa Ligi Kuu. Klabu ilikuwa ikiitwa Bunamwaya hadi 2012. Ilikuwa bingwa mwaka 2010 kwa jina hilo, ikawa bingwa tena 2015, 2018, 2020, 2022, 2023 na 2025 kwa jina la sasa.

Kwa mantiki ya mashabiki, timu yenye shule yake mwenyewe haina haja ya soko. Kumbe Vipers ndiyo inayonunua kuliko wote. Msimu wa 2021/22 ilibebwa na mabao ya Cesar Manzoki, mzaliwa wa Kongo anayeichezea Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2022 ikaitoa TP Mazembe kwa penalti palepale Lubumbashi na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Alipotoka Algeria na kurudi nyumbani, Allan Okello, mtoto wa Lugogo, alikuja kuvaa jezi ya Vipers, akawa nyota wa ubingwa wa 2024/25. Fikiria uchungu wa shabiki wa Kasasiro: umemlea, umemuuza, amerudi ameiva, na jirani ndiye anayekula.

Si kwamba Kitende hawakosei. Katika makundi yale ya 2023 Vipers waliburuza mkia. Kocha wao Mbrazili, Robertinho, alikuwa ameshahamia Simba, na Simba hiyohiyo ikawafunga nyumbani na ugenini, bao moja kila mechi. Makocha nao ni wahamiaji, wala hawahitaji daftari la mtandaoni.

Faida ya Vipers ni kwamba ina vyote viwili na haijidanganyi kuwa kimoja kinatosha. Shule inaipa wingi, soko linaipa uzoefu. Kijana wa Kitende asiyefika kiwango hukopeshwa au huachwa aende, na nafasi yake hununuliwa mtu. Ni ukatili kidogo, ndiyo. Nimewahi kuwaona vijana wa namna hiyo kwenye timu za ligi za chini, wana miaka 21 wanazungumza kama wastaafu.

Jogoo wa Villa walijaribu njia ya tatu, kwa kulazimika zaidi kuliko kwa kupanga. Baada ya taji la 2004 walikaa miaka 20 bila ubingwa. Fedha ziliisha, viongozi waligombana, na klabu iliyokuwa ikiita kila nyota ikawa inaishi kwa vijana kwa sababu vijana ndio iliyowamudu. Travis Mutyaba alitoka humo akaenda Zamalek mwaka 2022. Mwaka 2024, chini ya kocha Mserbia Dušan Stojanović, kikosi chenye sura changa kikarudisha taji la 17. Mji ulifurika buluu, na wazee walilia hadharani. Msimu uliofuata taji likarudi Kitende.

Vyuo vikuu vya hapa vina toleo lao la mchezo huu, na humo ndimo ulinganifu na Marekani unapokaribia zaidi. Ligi ya soka ya vyuo vikuu ilianza mwaka 2012, na tangu hapo Makerere, Kyambogo, shule ya biashara ya MUBS pale Nakawa, Ndejje, Nkumba na Uganda Christian University ya Mukono wamekuwa wakitafuta wachezaji kwa basari. Mwenye kidato cha sita mkononi huja na miaka 19 na atakaa miaka mitatu. Mchezaji wa klabu mwenye miaka 25 hujiandikisha stashahada, hucheza msimu, na darasani huonekana siku ya kupiga picha ya timu. Mkuu wa michezo anayetaka kombe mwaka huu humchukua wa pili. Simlaumu sana, kwa kuwa mkataba wake wa kazi nao ni wa mwaka huu. Ila chuo kinachotoa basari kwa mtu asiyesoma kimelipa mshahara, kikauita elimu.

Katika mpira wa kikapu hali imekuwa wazi hata zaidi. City Oilers walianza kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2013 wakaushikilia takriban muongo mzima, kwa kukusanya wachezaji waliokwisha kuiva kwingine, wengi wao waliopikwa na timu za vyuo. Vyuo vilifundisha, Oilers wakavuna, na mwaka 2023 wakafika hadi Ligi ya Kikapu ya Afrika. Hakuna aliyevunja sheria.

Ni hapo tunapofika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko la nani aanze Jumamosi. Mchezaji anapouzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada igawanywe kwa waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada yote, na kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Chukua kijana anayeuzwa kwa dola 1,000,000. Aliyekaa naye tangu miaka 13 hadi 18, yaani tangu lile sanduku la bati hadi mtihani wa kidato cha sita, anastahili asilimia 2.25: dola 22,500. Kwa Kampala hizo ni takriban shilingi milioni 80. Ni bweni, ni basi la timu, ni ada za watoto wengine wengi.

Tatizo ni kwamba fedha hizo huenda kwa klabu. Shule si klabu. Kitende inaponea kwa kuwa uzio wa shule na wa klabu ni mmoja. Shule ya sekondari ya Kibuli, juu ya kilima chake chini ya msikiti, imewalea wachezaji kwa vizazi, na mlango wa madai ni mwembamba sana kwake. Sasa mwambie mwalimu wa michezo wa shule ya namna hiyo amchukue mtoto wa miaka 13, amlishe miaka sita, asubiri. Atasubiri nini? Klabu itakuja Senior Five au Six, imchukue kwa maneno matamu na jozi ya viatu. Kwa hiyo mwalimu anafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: anamngoja mwenzake amlee, kisha yeye amchukue akiwa Senior Five. Wizi wa wachezaji kati ya shule na shule, unaolalamikiwa kila mwaka kwenye mashindano ya taifa, si tabia mbaya tu ya watu fulani. Mfumo wenyewe unasema kwamba kukuza ni hasara na kunyakua ni faida, na watu wanasikiliza.

Katika pengo hilohilo huingia vyeti vya kuzaliwa vinavyobadilika, na vijana wanaorudia kidato mara mbili ili wabaki kwenye timu. Mtoto wa kweli wa miaka 15 anakabwa na mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi, kisha anaambiwa hana kipaji. Nani amehesabu wangapi tumewapoteza hivyo?

Na bado mbegu ipo. Mwaka 2021 vijana wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika nchini Mauritania, wakafungwa na Ghana, na Derrick Kakooza akawa mfungaji bora. Mwaka 2025 wale wa chini ya miaka 17 wakaipeleka Uganda Kombe la Dunia la umri huo nchini Qatar, mara ya kwanza kwa nchi hii. Karibu wote ni watoto wa mabweni.

Wapo watakaosema klabu zipewe kanuni: kila kikosi kiwe na vijana kadhaa uwanjani, kwa nguvu. Siipendi dawa hiyo. Kijana anayewekwa kwa kanuni hutolewa dakika ya 20, kocha akishatimiza sharti, na aibu hiyo ni mbaya kuliko benchi. Afadhali kocha aachwe achague, ila anayemchagua awe amelipiwa malezi yake.

FUFA wanaweza kuanza na hilo kabla ya dirisha lijalo la usajili. Klabu ya Ligi Kuu inayomsajili kijana kutoka sekondari iambatanishe mkataba na shule iliyomlea, wenye fungu la shule siku atakapouzwa. Bila karatasi hiyo, leseni isitoke. Shule zitakapoona kuwa miaka sita ya posho ina malipo, zitakuza zenyewe bila kuhubiriwa. Na klabu, hasa ile ya Lugogo, zikiuza watoto wawili zimbakize mkongwe mmoja, hata kama mshahara wake unauma.

Na wewe mzazi ambaye muhula ujao utaletewa fomu ya basari, usiulize kwanza ada imepunguzwa kiasi gani. Muulize mwalimu wa michezo ni wangapi kati ya walioingia Senior One miaka minne iliyopita ambao bado wamo kwenye kikosi chake leo. Akikosa jibu, tafuta shule nyingine.